Sauti Uliyoniapisha Nifute

Mama Moraa mpendwa,

Barua za kwetu huanza kwa kuuliza hali. Ya kwako sijui niiulize vipi, kwa hivyo pokea yangu. Niko hai. Niko kambi ile ile ya chai, chumba kile kile chenye mlango wa bluu, na bado nasikia kila mtu akisema Kapkatet ni karibu, isipokuwa anayekwenda kwa miguu. Majani hatuchumi tena kwa mikono. Tulipewa mashine, wanaume wawili mnaishika huku na huku, inanguruma mpaka jioni, na ukirudi nyumbani vidole vinatetemeka hata kijiko kinagonga meno. Ungenicheka.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo uliniapisha nilifanye, nami sijalifanya. Limenikaa kifuani miaka mitano. Afadhali ulisikie kwangu. Na wengine wakisoma, wasome tu. Aliyezika mtu atanielewa.

Unaikumbuka siku niliyoleta ile mikisa, mashine ya kurekodia nyimbo? Nilikuwa nimeitoa kwa mpiga gitaa mmoja wa Kaplong aliyekuwa anahama, nikaibeba begani ndani ya gunia la chai. Ulinipokea mlangoni ukitabasamu kwa sababu gunia lilikuwa zito na lenye pembe.

"Umeniletea cherehani!"

Nikafungua. Ukaona vifungo, taa, na vile vibao vidogo vya kusukuma juu na chini. Uso ukakushuka, lakini hukununa.

"Hii inashona nini?"

"Inashona sauti," nikasema.

"Basi nishonee gauni la sauti nilivae Sabato, watu waone mume wangu ni fundi."

Nami niliishia darasa la sita na kitabu cha ile mashine kilikuwa Kiingereza kitupu. Nilijifunza kwa kubonyeza na kujuta. Ilikuwa na treki kumi na mbili, yaani ni kama nyumba ya vyumba kumi na viwili: kila sauti inalala chumba chake, na mmoja akikosea unamwamsha yeye peke yake arudie, wengine hawasumbuliwi. Mwezi wa kwanza nilifuta besi yote ya kwaya nikidhani nazima taa. Wewe ndiye uliyetoka nje kuwaambia wale wanaume wanne warudi kuimba, na uliwapa chai kwanza ndipo ukawapa habari.

Siku yetu ya kurekodi ilikuwa Jumapili. Jumamosi ni ya ibada, siku nyingine ni za majani. Ilibidi tuanze asubuhi, maana mchana mvua ya huku haiombi ruhusa, na ikishagonga mabati hakuna maiki inayosikia kitu kingine. Ulitundika blanketi zetu mbili ukutani na magunia dirishani. Bado jogoo wa jirani yetu mzee Sang aliingia kwenye nyimbo tatu za kwanza, na ulisema naye aandikwe jina kwenye kwaya.

Sasa nije kwa lile jambo.

Mimi nikipiga kinanda siwezi kuimba. Mkono unafuata mdomo, vyote vinapotelea njiani. Na gitaa na ngoma haziwezi kurekodiwa bila sauti ya kufuata, kwa sababu mpigaji hatajua ubeti unaishia wapi. Kwa hivyo mtu huimba kwanza sauti ya kuongoza, ya haraka haraka, wengine wanaisikia kwenye hedifoni. Mwimbaji mwenyewe akishaimba vizuri, ile ya kwanza inafutwa. Ni kama mbao za kuzuilia zege. Zege likikauka mbao zinabanduliwa, na hakuna anayeuliza zilikuwa za mti gani.

Jumapili hiyo Chelangat, mwimbaji wetu, alikuwa amechelewa kukama ng'ombe kwao. Wewe ulikuwa umeketi kwenye kigoda, sufuria mapajani, unachambua mboga ya managu, Moraa amelala mgongoni.

"Mama Moraa, hebu niimbie huu nikipiga."

"Mimi? Baba Moraa, umekunywa nini, na wewe ni Msabato?"

"Ni ya kuongoza tu. Itafutwa."

"Itafutwa lini?"

"Chelangat akishaimba."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

"Kwa huyo Mungu mnaapa kila siku mkipimiwa majani. Apa kwa jina la mtoto."

Nikaapa kwa jina la Moraa kwamba hakuna sikio litakalosikia sauti yako, na kwamba nitafuta. Ndipo ukakubali, na hata hapo ukaifunika maiki kwa leso kana kwamba inakuona.

Sikukuuliza kwa nini. Uliniambia mwenyewe baadaye tukikunja blanketi. Ulikuwa darasa la tano, mwalimu wa muziki akawapanga kwa mashindano, akapita akitega sikio kwa kila mtoto. Alipofika kwako akasema: wewe utafungua mdomo tu, usitoe kitu. Ukaenda nao mpaka mashindanoni, ukafungua mdomo, ukafunga, ukafungua. Mkawa wa kwanza.

"Nilishinda kikombe kwa kunyamaza," ulisema, ukacheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilicheka nawe. Sasa hivi nikikumbuka sicheki sana.

Tangu siku hiyo ukawa sauti yangu ya kuongoza. Nyimbo kumi na moja. Nami nilikuwa mwaminifu kwa kiapo changu kama punda. Chelangat akishaimba tu, hata kabla hajavaa viatu, natafuta treki yako nafuta. Nilifuta na kikohozi, nikafuta na kisu kugonga sufuria, nikafuta na zile sentensi zako katikati ya beti, "ngoja nimgeuze mtoto," "hapo umekimbia." Ni mazoea ya kazi. Tumefundishwa majani mawili na chipukizi, kingine chote karani anakitupa chini. Nikaufanyia wimbo hivyo hivyo. Nilijisifu kwamba kazi yangu ni safi.

Hakuna aliyeniambia kwamba siku moja ningetafuta hayo niliyotupa.

Wimbo wa kumi na mbili ulikuwa ule wa Ruthu na mkwewe. Uliniimbia Jumapili moja, na Jumapili iliyofuata Chelangat hakuja kwa sababu kwao kulikuwa na harusi, na iliyofuata tena wewe hukuweza kuamka. Kifua kilikuchukua kwa majuma matatu. Siku ile hospitalini nilipokuletea uji, ulinishika shati.

"Ule wa Ruthu umefuta?"

"Bado, Chelangat hajaimba."

"Futa, Baba Moraa. Usije ukasahau, watu wakanicheka."

Nikasema nitafuta. Ulitabasamu. Sikujua kama ni mzaha au ni wosia, na hukunipa siku ya kukuuliza.

Tulikupeleka nyumbani Kisii, ukalazwa nyuma ya nyumba yetu, pale palipo na ndizi. Moraa alikuwa na miaka miwili, akabaki na mama yangu. Mimi nikarudi kwenye majani. Mashine nikaifunga ndani ya gunia lake, nikaisukuma chini ya kitanda. Kwaya waliimba bila kurekodi. Hakuna aliyenisumbua, nawashukuru.

Mwaka huu Moraa alinipigia kwa simu ya mama yangu. Yuko gredi ya pili, anauliza maswali kama polisi.

"Baba, mama alikuwa na sauti gani?"

"Nzuri."

"Nzuri aje?"

Mama Moraa, nilikuwa nimesimama katikati ya chai. Picha yako anayo, ile ya kitambulisho na ile ya harusi. Lakini sauti mtu anaielezaje? Simu yetu siku hizo ilikuwa ya vitufe na tochi, haikuweka kitu. Nikamwambia laini inakatika. Ilikuwa haikatiki.

Jumapili hiyo niliivuta mashine kutoka chini ya kitanda. Nilikuwa na hakika haitawaka. Ikawaka. Nyimbo kumi na moja, treki yako tupu, tupu, tupu. Wa kumi na mbili niliufungua huku nimefumba macho. Nikasikia managu yakikatwa, halafu ukasema, "Haya, piga."

Sitaandika nilivyokuwa. Niliketi kwenye kigoda chako, basi.

Vikaanza vita vyangu na wewe. Nikiiacha, nimevunja kiapo nilichoapa kwa jina la mtoto, na wewe unajua kwetu kiapo cha namna hiyo hakianguki chini, kinamtafuta mwenye jina. Nikiifuta, mtoto huyo huyo hatajua kamwe mama yake alikuwa akisemaje. Nilimwita Chelangat, nikamwomba aimbe ule wimbo ili nimalize. Nilitaka kulazimishwa. Alivaa hedifoni, nikabonyeza, akasikiliza ubeti mmoja, akazivua polepole.

"Baba Moraa, huyu si ni yeye?"

"Ni yeye."

"Na unataka nimwimbie juu halafu umtoe?"

"Niliapa."

Chelangat ni mtu wa maneno mengi, unamjua, lakini siku hiyo alivaa gambuti zake akaenda. Mlangoni akasema tu, "Mimi nitaimba ukishaongea na watu wa kwenu."

Kwa hivyo likizo ya Desemba niliifunga mashine kwenye gunia, nikaenda nayo nyumbani. Nilimweleza mama yangu jikoni, nikaeleza na kiapo. Nilijua atakasirika, na alikasirika. Alisema mwanamume mzima anaapaje kwa jina la mtoto kwa sababu ya wimbo. Halafu akachochea moto, akauliza, "Uliapa kwa jina la nani?"

"La Moraa."

"Basi wewe si mwenye jina. Na mkeo Kemunto, Mungu amlaze pema, naye si mwenye jina. Mwenye jina yuko nje anaruka kamba. Akikufungua, umefunguka."

Tukamwita. Alikuja na matope mpaka magotini. Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe, nikamwambia: mama yako alinituma nifute sauti yake, nikaapa kwa jina lako, na sauti iko ndani ya hii. Aliitazama mashine, akanitazama.

"Nikisikia nitagonjeka?"

Mama yangu akamshika kichwa. "Hugonjeki. Jina ni lako. Sema unataka au hutaki."

"Nataka," akasema. "Nimekufungua, baba. Weka."

Hedifoni zilikuwa kubwa, alizishika kwa mikono miwili. Nilibonyeza. Ulianza vizuri. Ubeti wa pili ukapotea, ukapanda mahali ambapo wimbo hauendi, kama kawaida yako, ukajisikia mwenyewe, ukaangua kile kicheko, ukasema, "Wee, Ruthu amepotea njia," halafu ukaendelea mpaka mwisho kwa sauti ile ile iliyopinda. Na mwisho ukasema, "Basi. Hiyo ufute." Mimi sikusikia kitu, hedifoni zilikuwa kwake. Nilijua tu ulipofika kwa kumtazama uso.

Akavua sikio moja.

"Baba, mama hakuwa anajua kuimba."

"Wee Moraa!" mama yangu akang'aka.

"Mwache," nikasema. "Ni kweli. Hakujua."

Niliogopa hapo, Mama Moraa. Nilijiambia, ndilo hili alilolikimbia tangu darasa la tano, na nimemletea mpaka nyumbani kwake, kutoka kwa mtoto wake mwenyewe. Nilinyoosha mkono nizime.

Moraa aliusukuma mkono wangu.

"Nirudishie pale anacheka."

Nikarudisha. Akasikiliza akitazama chini. "Tena." Nikarudisha. Vidole vyangu havinitii siku hizi, mara napita, mara nafika kabla, naye ananielekeza, "Bado, bado, hapo." Baadaye akaanza kucheka pamoja nawe, mahali pale pale, kwa mwendo ule ule, na mama yangu aliacha mwiko ndani ya sufuria akatoka nje kwenda kutafuta kuni, ilhali kuni zilikuwa pale.

Basi ndivyo ilivyo. Sikufuta na sitafuta. Chelangat ameimba Ruthu wake kwenye treki nyingine, na watu wakicheza wimbo huo watamsikia yeye peke yake. Wewe hutoki nje ya hedifoni za Moraa. Kiasi hicho cha kiapo nimekutunzia, kilichobaki mtoto amekifungua, na ukitaka kunung'unika, nung'unika naye. Utashindwa. Ana mdomo wako.

Pumzika, mke wangu. Mvua imeanza, siwezi kusikia hata kalamu.

Ni mimi wako,
Baba Moraa