Gurudumu Lililopigiwa Kura

Tunduma
Kwa mama yangu Bi. Zaina, Muheza

Assalaam alaykum, mama. Goti bado linakusumbua, au umeshaanza tena kuwakimbiza mbuzi wa jirani? Na ile dawa ya kuchua unaipaka, au unawagawia mashoga zako? Mimi mzima kama chuma cha reli. Baridi ya huku ni ya kugandisha nyama, lakini mwanao kanunua koti pale Nakonde, ng'ambo ya Zambia, nikipita mpakani hata wabadilisha fedha wananiita bosi.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu ukisikia neno gari tu unaanza kulia kabla sijafika kwenye mazuri. Nasikia binamu Shabani kakwambia niliwasimamisha Wakristo porini nikataka kuvunja harusi yao. Mama, Shabani hakuwepo. Aliyeshika usukani ni mimi.

Tajiri wangu alinituma niipeleke kwaya moja Msangano kwa Haisi yake. Mwalimu wao, Mzee Siame, ndiye baba wa bibi harusi, na binti alishaapa haingii kanisani mpaka baba yake amshike mkono. Njia nzima wanaimba, vioo vinatetemeka. Lakini chini ya nyimbo nikasikia sauti nyingine: vuuuu, kama ndege inayotafuta pa kutua. Mwanzoni nikadhani tairi limeliwa upande. Halafu usukani ukaanza kunitekenya viganja.

"Jamani, nyamazeni kidogo," nikasema.

Mama Neema, sauti ya kwanza, alikuwa kakaa upande wa kushoto. Akanijia juu: "Nyimbo za Bwana zinakuwasha masikio, dereva? Ungesema tangu stendi tukatafuta gari la Mkristo!"

"Mama, hata mngeimba kaswida ningewanyamazisha. Gari linataka kusema."

Nikasimama pale juu, barabara inapoanza kuteremka bondeni, nikazima. Mteremko ule una kona ambazo hata mbuzi huzipigia bismillahi. Sauti ile niliijua, ni ya beringi ya gurudumu; ikivunjika pale, gurudumu linatangulia harusini peke yake, sisi tunafuata kwa njia nyingine.

"Washa gari, kijana," akasema Mzee Siame. "Yule ni mwanangu wa mwisho."

"Siwashi, mzee."

"Osia wetu huyu kaendesha malori mpaka Lusaka. Mpe ufunguo."

Nikauvua ufunguo nikautumbukiza ndani ya soksi. Osia akatazama kiatu changu, akatazama milima. Hakuna aliyecheka, mama. Wanaume watatu walishashuka na kukunja mikono ya mashati. Lakini mdomo wangu unaujua, haujui kuogopa: "Nipigeni, ila mkimaliza mtashuka kwa miguu. Mimi sizikwi na watu ambao sijala pilau lao."

Mzee akanyoosha mkono kuwazuia. "Tuoneshe," akasema.

Nikawaomba wakae kimya kabisa, nikaendesha polepole pale penye tambarare, nakata kushoto, nakata kulia. Nikikata kushoto linanguruma, nikikata kulia linatulia. Nikawaeleza kama profesa: ukikata kushoto uzito unaegemea kulia, basi mgonjwa ni gurudumu la mbele kulia. Mama Neema akaruka: "Uongo! Linalia chini ya miguu yangu, huku kushoto!" Wengine wakaitikia. Sasa kwaya ya huku, mama, ina mwenyekiti, katibu na mhazini. Mwenyekiti akasimama: "Wanaosema kushoto, mikono juu." Wakapiga kura ya gurudumu! Kushoto kukashinda. Wakanikataza kugusa kulia mpaka nianze na walilolichagua.

Nikalipiga jeki la kushoto, nikalishika juu na chini nikalitikisa. Imara kama msumari. Nikahamia kulia. Lile likacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, na nilipolizungusha likasaga kama mtu anatafuna mchanga. Nikauweka mkono wa Mama Neema pale pale, ausikie mwenyewe. Akaondoa mkono akajifunga kanga upya.

Nikampigia fundi wetu, akatuma beringi na grisi kwa bodaboda. Huo muda wa kusubiri, mama, ndio ulionizeesha. Simu ya mzee ikaita. Sote tukasikia sauti ya binti: "Baba, mko wapi? Mchungaji anataka kuanza."

"Tunakuja, mwanangu. Tupo kona ya mwisho," akasema, akageuka asionekane uso.

Bodaboda alipofika sikupumzika. Nikafungua breki, nikatoa nati, nikang'oa beringi zote mbili; ya ndani ilikuwa nyeusi, imeungua, vyuma vyake vimemeguka. Bakuli lake jipya, ile pete ya chuma inamozungukia beringi, nikaligonga taratibu kwa kuweka lile la zamani juu yake, lisiingie kombo. Grisi akaikanda Mzee Siame mwenyewe kiganjani, kavaa suti yake ya harusi. Nikakaza nati huku nazungusha gurudumu, nikalegeza kidogo, nikarudisha pini. Halafu ndipo nilipovua soksi.

Tulishuka ule mteremko bila wimbo hata mmoja. Watu wazima wote wale, wanasikiliza gurudumu. Halikusema neno.

Bibi harusi tulimkuta kasimama nje ya kanisa, jua lote lile, macho mekundu. "Nani kawachelewesha?" Wote wakaninyooshea vidole, hata Osia. Akaja kwangu kashika gauni, nikajiandaa kula kofi. Mzee Siame akamwekea kile chuma kilichoungua kiganjani, akamnong'oneza kwa Kinamwanga, maneno mengi. Binti akakitazama, akakigeuza, akatazama kule mlimani tulikotoka.

"Asante kwa kuniletea baba yangu," akasema.

Mimi, mama, nikaenda zangu kulitafuta lile pilau.

Msalimie kaka mkubwa na shemeji, na mjomba mwenye duka umwambie suruali yake bado naivaa. Bibi mzaa baba umbusu mkono. Shabani usimgombeze, msomee tu barua hii, kwa sauti, mbele ya watu.

Ni mimi mwanao, kipenzi cha Muheza na cha Tunduma,
Hamisi