Nimempanga Mtani Wangu Chumba Kisicho na Dirisha

Mpendwa mshauri, shikamoo, ingawa kwa kitambi hiki huenda mimi ndiye mkubwa. Mimi ni Mnyamwezi wa mtaa wa Picha ya Ndege, msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha korosho hapa Kibaha, na ugonjwa wangu ni mdomo, maana korona ilipoingia tuliambiwa tugawe watu, wengine wapakie magunia nje kwenye upepo, wengine wafungashe ndani, chumba hakina hata dirisha, nami kwa utani nikawaweka ndani Wazaramo wote wa Kisarawe, watani zetu wa jadi, nikasema, "Nyie joto mmezaliwa nalo." Mwishehe, mtani wangu wa miaka kumi na miwili, akajibu, "Sawa, wewe kapunge upepo labda utakonda," tukacheka, na kwa kuwa ni utani hakuna aliyeweza kununa, ikabaki hivyo wiki tatu. Sasa wanaokohoa ni watano, wote wa chumba kile, wa nje hakuna, na Mwishehe yuko kwao Kibuta, pumzi inakata, mkewe Biubwa kanipigia, "Shemeji, mtani wako anauliza utakuja lini kumzika," sikujua nicheke au nilie, kwani msibani mwenye kazi ni mtani. Jumatatu nabandika orodha mpya, nikiwatoa hao lazima niingize watu wa kwetu, akiwemo mdogo wangu Gregori mwenye pumu, na naogopa hata kushika kalamu.

Mtani Mwoga

Ndugu Mtani, marahaba, kitambi nimekisamehe. Hofu yako sitaipunguza, ina kazi. Utani unaruhusu kutukana, hauruhusu kupanga zamu. Ungewapanga kwa chuki wangelalamika. Umewapanga kwa kicheko, ukawaziba midomo. Nani alikuambia mapafu ya Mzaramo ni ya bati? Kinachowaua ni chumba, si kabila, na chumba uliwapa wewe.

Tena unauliza nani aingie, kana kwamba lazima mtu aingie. Mwambie meneja meza zitoke barazani. Akikataa, mpelekee majina matano, kwao ni wapi na chumba walichopangwa, asome mwenyewe, na afisa afya apate nakala. Mpaka ukuta utobolewe dirisha, zamu ziwe fupi, za makabila yote, jina la kwanza lako. Gregori abaki nje, ndiyo. Na Mzaramo mwenye pumu je? Uliwahi kuuliza?

Kibuta nenda leo, na gari la kumfikisha hospitali. Vaa barakoa, simama uani, umwombe radhi bila mzaha hata mmoja. Yeye akikutania, nyamaza, mpakie. Kumzika ni kazi uliyorithi. Kumwahisha kwenye oksijeni hukuachiwa na babu yako, ichukue mwenyewe.