Chekundu, Si Punda

Marrakesh, 4 Machi 1989

Kaka Hammou,

Sikukuita punda. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana nakujua, utachana karatasi. Hujambo lakini? Huko Tanja baridi imepungua? Mama na mimi tupo, anakusalimu sana.

Kwenye barua iliyopita nilitaka kuandika kwamba chumba chako cha mbele sasa ni chekundu. Wewe umesoma chumba chako ni punda. Kwa Kiarabu chetu maneno hayo mawili yanaachana kwa alifu moja tu, na mimi shule niliishia darasa la pili. Alifu ilijichomeka pasipotakiwa. Nyekundu, kaka. Imekoza kama komamanga lililopasuka. Nimechanganya udongo na chokaa, nikausugua ukuta kwa jiwe, nikamalizia kwa sabuni nyeusi mpaka ukang'aa. Mama kaipenda. Usikasirike.

Mdogo wako,
Idder

Tanja, 15 Machi

Idder,

Msalimie mama. Wewe afya yako naijua: mikono mizima, kichwa kibovu.

Nilikwambia cheupe. Che-u-pe! Na hilo lina alifu? Wakwe zangu wanakuja baada ya Idi kuona bibi harusi atakaa wapi. Unataka mama mkwe wangu aingie adhani kaingia tumboni mwa ng'ombe? Watu siku hizi nyumba zao nyeupe, taa moja tu, chumba kizima kinakuwa mchana. Wewe umenifungulia bucha. Umebakiza kutundika mapaja.

Na mama usimsingizie. Yeye husifu kila unachofanya kwa sababu ndiye uliyezaliwa mwisho.

Ondoa. Usipoondoa namtuma Fundi Bushta.

Kaka yako mkubwa,
Hammou

Marrakesh, 24 Machi

Kaka Hammou,

Salamu. Sisi wazima, ila si sana.

Barua yako nilimsomea mama, matusi nikayaruka. Akasema, "Mbona fupi hivyo? Hammou ana haraka ya nini?"

Kuna jambo alinikataza nisikwambie. Akijua ataninunia. Macho yake yanazima. Alianza kumimina chai nje ya glasi, mimi nikawa namtazama tu. Chumba kilipokuwa bado cheupe alipapasa ukuta kutafuta mlango. Mlango mweupe, ukuta mweupe, kwake yote maziwa. Kwenye nyekundu mlango anauona. Birika analiona. Anatembea bila kunishika. Juzi kanifukuza: "Toka njiani, unadhani mimi mtoto?" Nilifurahi kufukuzwa.

Tafadhali. Wakwe waambie ni mimi, sema una mdogo mjinga.

Mdogo wako,
Idder

Tanja, 2 Aprili

Idder,

Hujambo, mwongo? Unampofusha mama yetu ili ushinde mambo ya rangi! Nilipokuja mwaka jana aliniita jina langu nikiwa bado mlangoni, kabla sijafungua mdomo. Kipofu gani huyo?

Bushta anakuja Jumatatu. Usimguse.

Kaka yako,
Hammou

Marrakesh, 13 Aprili

Kaka,

Leo salamu sina.

Bushta kaja, kaubandua ukuta wangu kwa patasi, kaweka cheupe chako. Jana wakati wa kufuturu mama kabeba bakuli la supu akaenda nalo moja kwa moja ukutani. Mlango ulikuwa pembeni yake. Supu imemuunguza mkono mpaka kiwiko. Hakulia. Aliniuliza tu, "Ukuta wangu umeupeleka wapi?"

Na ile siku alikutambua kwa viatu. Unaburuta mguu wa kushoto tangu uanguke kwenye mzeituni. Nilikuwa nimekaa pale, nilimwona akitega sikio.

Basi narudisha nyekundu. Mama mkwe wako akija ataikuta. Akikataa kumleta binti yake kwa sababu ya ukuta, wa kulaumiwa unamjua. Bushta naye nimemwambia nitamngoja mlangoni na patasi yake aliyoisahau.

Lile neno nimejifunza kuliandika, kaka. Kwa hiyo usitafute kosa hapa, alifu nimeiweka mwenyewe, tena ndefu: wewe ni punda.

Naondoka sasa. Ukuta wa mlangoni nimeshaupaka na chokaa imeanza kukaza, nikichelewa kuisugua kwa jiwe itapasuka. Mama amekaa mbele yake na mkono uliofungwa kitambaa. Anasema niharakishe, ameanza kuuona mlango.

Mdogo wako,
Idder