Namba Niliyojipa Mwenyewe

Jumatatu, jioni. Huku mtaani kwetu Miyuji leo upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi mpaka ndani ya masufuria. Sijisikii kuongea na mtu. Ngoja niseme hapa.

Nina aibu, tena si ya mchezo.

Ukoo mzima unaniita fundi. Kisa? Laptop yangu ina Linux, mfumo ambao wao hawaujui, na siku moja nilimfufulia shemeji simu yake. Basi kichwa kikavimba. Miezi kadhaa iliyopita nilifuata somo moja mtandaoni, nikaingia kwenye mipangilio ya mtandao, nikaacha ile ya "Automatic" nikachagua "Manual", nikaiandikia laptop namba yake ya kudumu ya kutambulika kwenye mtandao. Sikuwa na shida yoyote na ile ya mwanzo. Nilitaka tu nionekane najua. Nionekane na nani sasa? Nilikuwa peke yangu sebuleni.

Mama Ndahani ni jirani yangu wa ukuta mmoja. Maji yakikatika tunachota kwenye tenki lake, ndiyo maana nami nilimpa neno la siri la intaneti yetu. Sasa kukawa na jambo: kila jioni laptop inakata mtandao. Jioni, yaani akisharudi yeye kutoka kwenye biashara yake Majengo. Nikajumlisha moja na moja, nikasema huyu mama anatumalizia intaneti kwa video. Jumamosi nikabadilisha neno la siri kimyakimya. Laptop ikatulia tuli. Nikajipongeza kabisa.

Jumapili asubuhi akabisha hodi. Nikamwamkia shikamoo. Alikuwa na bakuli la mlenda wa karanga, anajua naupenda. Akauliza taratibu kama mtandao umekataa au ni simu yake tu, maana mjukuu wake wa kwanza alikuwa anabatizwa Mwanza asubuhi ile, na goti halimruhusu kukaa kwenye basi kutwa nzima. Alipanga amwone kwenye simu.

Hapo ndipo nilipaswa kusema ukweli. Nikajibu, "Hata kwetu unasumbua, mama."

Nyuma yangu laptop ilikuwa inaimba kwaya ya mtandaoni, bila kukwama hata kidogo.

Aliisikia. Alitupa jicho sebuleni, akasema, "Haya mwanangu. Ukikaa sawa utaniambia." Akanikabidhi bakuli.

Mchana nikamsikia ng'ambo ya ukuta akimweleza mtu kwamba bando alilonunua liliisha mchungaji akiwa bado anahubiri. Mtoto alipomwagiwa maji, yeye hakuona. Mlenda niliula wote.

Leo kaka yangu Amosi kaja kutoka Kondoa. Kaunga simu yake kwenye intaneti, na papo hapo laptop ikakata. Mama Ndahani hayumo, sasa mchawi nani? Nikaangalia ruta, kile kiboksi cha intaneti, imeipa simu ya Amosi namba gani. Ile ile ya laptop yangu.

Kumbe! Ruta ndiyo inayogawa namba, kila kifaa kinachoingia kinapewa yake, kama foleni ya hospitali. Mimi nilijiandikia yangu bila kuiambia, nayo ikawa inampa mwingine hiyo hiyo. Vifaa viwili namba moja, vinasukumana mpaka vyote vinaanguka. Kwa hiyo jioni zile zote hata simu ya Mama Ndahani ilikuwa inakatika, kwa sababu yangu, na hakuwahi kulalamika.

Kurekebisha kulikuwa kazi ya kitoto. Nikafuta namba, nikarudisha "Automatic", nikazima mtandao nikauwasha. Laptop ikapewa namba mpya, mambo yakaenda. Kisha nikarudisha neno la siri la zamani.

Hapo shetani akaja na ushauri wake: si simu ya mama itajiunga yenyewe? Acha aone mtandao umerudi, yaishe. Nani atajua? Nisidanganye, nilikubali.

Haikupita muda ujumbe ukaingia. "Mtandao umerudi. Asante kwa kutuhangaikia mwanangu, Mungu akubariki."

Kutuhangaikia.

Nimeandika "Amina", nikafuta. Nimeandika "Usijali mama", nikafuta hiyo nayo.

Bakuli lake nimeliosha, liko hapa mezani. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, kwa hiyo nimetia maharage aliyoleta Amosi. Amosi kajitolea alipeleke yeye, eti amsalimie mama. Nimemwambia hapana.

Nikishachapisha haya nafunga laptop, navaa kandambili. Nitabisha hodi. Atanikaribisha, maana ndivyo alivyo. Baada ya hapo sijui mdomo utaanzia wapi, ila ile kwaya lazima niitaje.