Darubini Juu ya Bastola

Songo, Uvira, 9 Juni 1964

Mudogo wangu Léocadie,

Nakusalimia sana, weye na watoto huko Buyenzi. Minye ni muzima, mguu tu ndio unaniuma. Barua hii Bigirimana mwenye mtumbwi ameificha chini ya kikapu cha ndagala, kwa hiyo usishangae harufu ya samaki.

Nakwambia bila kuzunguka. Bwana yako Octave iko hai. Waasi wamemfungia ndani ya depo ya pamba, eti alipiga mihuri ya serikali pale duane, forodha ya mpakani Kavimvira. Muhuri! Basi na minye wanifunge, nimetengeneza saa za serikali miaka kumi.

Jana mukubwa wao, Komanda Onesphore, aliniita. Ana bastola kubwa, na darubini waliyoing'oa kwenye bunduki ya kuwindia ya muzungu mumoja. Anataka niifunge darubini juu ya bastola, apige muntu wa mbali bila kuinuka kwenye kiti. Nikacheka. Yeye hakucheka. Alisema siku ikiwa tayari, wataijaribu kwa karani wa duane.

Nitachelewesha kadiri ya nguvu zangu. Ombeni.

Yaya yako,
Thaddée


Buyenzi, 14 Juni 1964

Yaya Thaddée,

Salamu nyingi. Mguu unaendeleaje? Watoto hawajambo, ila Charlotte anauliza baba yake kila tukikaa kula. Minye nasema sijambo kwa mdomo tu.

Yaya, usiimalize! Poteza skurubu, vunja kioo, sema una homa. Weye, kaka yangu mukubwa, ndiye uliyenitafutia Octave, ukasema ni muntu mupole asiyejua kugombana. Leo mikono ile ile imtengenezee kifo? Nisamehe, nina hasira na sina mwingine wa kumkasirikia. Lakini akifa kwa kazi yako, usiniandikie tena.

Mudogo wako,
Léocadie


Songo, 30 Juni 1964

Mudogo wangu,

Salamu. Mguu umepona, uondoe kwenye mawazo.

Maneno yako yaliniuma, na una haki. Nimewazungusha wiki tatu: mara vibano havishiki, mara skurubu za saa ni ndogo mno. Jana Komanda aliweka risasi moja mezani pangu, katikati ya saa za watu, akasema, "Hii ni yako kama Jumamosi kazi haijaisha." Kwa hiyo nimeimaliza.

Ngoja, usilie. Soma, halafu choma karatasi. Darubini ya bunduki inataka jicho liwe karibu, vidole vinne tu. Ukiisogeza mbali huoni kitu. Bunduki inatulizwa na bega, lakini bastola haina bega. Ikilia inaruka nyuma, na kile chuma cha darubini kinaingia kwenye jicho la anayepiga. Minye najua. Komanda hajui, na sitamwambia.

Tena dawa yao ya kujikinga na risasi ina mwiko: silaha ikimwaga damu ya aliyeishika, inatupwa, na hakuna kuua mpaka mganga asafishe kambi. Mwiko huo wanauogopa kuliko jeshi. Na ile skurubu ya kusawazisha shabaha nimeizungusha sana. Anayemlenga Octave kifuani, risasi itampita kando.

Ni Jumamosi asubuhi. Washa mshumaa.

Yaya yako,
Thaddée


Buyenzi, 8 Julai 1964

Yaya,

Salamu. Hatujalala.

Bigirimana amekuja na ndagala bila barua. Anasema Jumamosi ulisikika mlio mmoja, halafu wakabeba muntu aliyefunikwa uso kwa kitambaa chenye damu. Hakumjua ni nani. Mungu wangu, mlio mmoja!

Nilikwambia usiniandikie tena. Nimeyafuta maneno yale. Kama ni Octave, niandikie hata hivyo. Kama ni weye, nani ataniandikia?

Mudogo wako,
Léocadie


Songo, 2 Agosti 1964

Mudogo wangu Léocadie,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Unisamehe kunyamaza, homa ilinilaza wiki tatu, na Bigirimana ameweza kutufikia juzi tu.

Walimsimamisha Octave ufukweni, hatua hamsini. Komanda akakaa kwenye kiti chake, akainua bastola, akaniangalia usoni muda mrefu. Halafu akanipa. "Fundi ndiye anajaribu kazi yake," alisema.

Niliogopa, sitakuficha. Ningeishika mbali na uso, angejua nilimtegea. Ningekataa, tungelala pale wawili. Bwana yako alikuwa ananitazama, midomo inasali. Nikasogeza jicho la kulia, lile la kazi, vidole vinne. Nikafyatua.

Risasi iliangukia majini, na damu yangu ilifika kwenye buti za Komanda. Wapiganaji walitawanyika wakipiga kelele za mwiko. Yeye mwenyewe hakuthubutu kuigusa bastola tena, aliisukuma ziwani kwa mguu wa kiti. Mganga akasema aliyelenga na aliyelengwa wote wana mkosi, tufukuzwe kambini na asituguse muntu.

Jicho halikupona. Saa za watu nimezirudisha, na hilo limeniuma kuliko kidonda. La kushoto linajifunza polepole.

Mwambie Charlotte ajiandae Jumanne. Atakayeshuka na Bigirimana amekonda na wamemnyoa kichwa, asimkimbie. Bado siwezi kufuata mstari kwenye karatasi, kwa hiyo minye nasema tu na mwingine anaandika. Sasa hivi amesimama kupangusa macho, eti ni moshi wa jikoni.

Yaya yako,
Thaddée
kwa mkono wa bwana yako