Mkeka wa Harusi ya Raudha

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Biubwa Jumbe Isihaka
Umri: Miaka 69
Kazi: Mkulima, pia nasuka mikeka
Makazi: Mzenga, Kisarawe
Tarehe na saa: 14/07/2024, saa 7:50 mchana

Mimi mwenye jina hapo juu naeleza yafuatayo kwa hiari yangu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa na mtu.

Mwezi wa Mei mwaka huu niliwaazima watu wa jumba la makumbusho ya sanaa, hapa Kibaha, mkeka wangu wa ukindu kwa ajili ya maonyesho yao. Aliyekuja kuuchukua ni Stellamaris, msimamizi wa maonyesho, binti mwenye adabu. Mkeka huo aliusuka mama yangu. Kila mwari wa nyumba yetu hupakwa hina akiwa ameukalia. Mimi niliukalia, na binti yangu Tatu, sasa marehemu, aliukalia.

Mnamo tarehe 12/07/2024, siku ya Ijumaa, saa 9:15 alasiri, nilifika jumbani kuuchukua, kwa kuwa kesho yake Raudha, mtoto wa Tatu, alikuwa anaolewa. Nilipiga hodi mara tatu. Hakuna aliyeitikia, maana wote walikuwa nje wakipokea basi la wanafunzi. Nikaingia, nikauviringisha mkeka wangu ndani ya kanga. Kwetu ukichukua kitu chako kabla ya siku mliyopatana, huachi mahali patupu, unaweka kingine ili mwenzako ajue utarudi. Nikaweka mbuzi yangu ya kukunia nazi, niliyokuja nayo kwa kazi hiyo. Niliona imetosha kuwa barua.

Mlangoni nilimkuta mlinzi, Kitwana. Akaniamkia, akasema mzigo ule si wa bibi kubeba. Nikatangulia kwenye bodaboda, yeye akaja nao begani, akaufunga. Hakuuliza ni nini, nami sikumwambia, nilikuwa na haraka na shughuli. Hapo ndipo nilipokosea.

Jioni hiyo Raudha akapakwa hina. Kabla haijakauka akaegemea mkono, kiganja kizima kikabaki pembeni ya mkeka. Shangazi zake wakalalamika. Mimi nikapiga vigelegele. Nilifurahi sana, na nimemwomba afande aandike hivyo hivyo.

Leo saa 4:00 asubuhi nilipoitoa simu kwenye kapu la vyombo, nikakuta Stellamaris amepiga mara kumi na moja. Nikampigia. Alikuwa analia. Akasema, "Bibi, tusamehe, mkeka wako umeibiwa."

Nikamjibu, "Mwanangu, mbona nimeukalia?"

Nikacheka mpaka nikajilaza juu ya mkeka. Akanieleza kwamba wanafunzi wale walisimama mbele ya mbuzi yangu wakaichora, yeye alikuja kugundua Jumamosi. Kisha akasema kamera ya getini ilimwonyesha Kitwana akitoka na mzigo begani, na kwamba yuko mahabusu tangu jana. Anasema alimsaidia bibi mmoja asiyemjua jina, na hakuna anayemwamini. Kicheko kikaniisha. Nikachukua bodaboda hadi Mlandizi, kisha basi, mimi na mkeka wangu.

Kitwana hakuiba, na hakuna aliyeiba. Mkeka huu hapa, afande ameuona na hina yake. Stellamaris ameuliza kwa simu kama ile alama isafishwe, nimekataa. Aandike kwenye kibao: kiganja cha Raudha, binti wa Tatu. Maonyesho yakiisha nitaufuata, maana Raudha naye atazaa. Ombi langu ni kijana atoke. Nimemletea pilau ya harusi na sipendi aile imepoa.

Hayo ndiyo ninayoyajua, na nimeyasema yote.

Dole gumba la shahidi: Biubwa Jumbe Isihaka

Maelezo ya mwandikaji: Mimi Koplo Godbless nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali ni sahihi. Kitwana ameachiwa saa 8:40 mchana. Amekula kwanza. Ameondoka na shahidi kwenda jumbani, mkeka ameubeba yeye. Safari hii ameuliza ndani ya kanga kuna nini.