Muchele ya Papa Yenye Nilichoma

Papa,

Sikai, silali. Tangu asubuhi ninazunguka mu shamba yako nyuma ya nyumba, ninafunua majani ya mahindi moja moja. Jirani anasema kichwa imeniruka. Aseme tu.

Ngoja nikuambie vile nilifanya, maana inanichoma. Siku ya kuondoa matanga, shangazi alisema nyumba yote isuguliwe, kilio isibaki mu kuta. Nikaingia mu kachumba kako. Nikaona zile sashe, vile vifuko vya plastike vya muchele, zimeota manyoya ya rangi ya majani. Nikasema, masikini Papa, ugonjwa haikumupa hata nafasi ya kutupa chakula yenye kuoza. Nikatosha yote inje, nikachoma, nikamwaga javel, dawa ya kusafisha, mu chumba. Shangazi akanisifu!

Kumbe yale manyoya ni ile kuvu yako ya kuua viwavi, yenye ulikuwa unaotesha ku muchele. Ulikuwa unaniambia, "Muchele hii haiozi, iko inatumika." Nilikuwa ninaitika tu, macho ku telefone.

Juma hii bamama balimaji ba kule Gety balituma mutu. Viwavi vimeingia mu mahindi yao, na weye ulibaahidi dawa ya kupuliza. Ule mutu akauliza, iko wapi? Nikajibu, "Iko, inakuja." Papa, nilidanganya! Mahindi inaliwa, na bale batoto bao batakula nini?

Nikamukimbilia Muzee Ukumu, mwenye alikuwa anakubebea pompe ya kupulizia dawa. Akasema ulipulizia dawa ile mu shamba ya hapa nyumbani kabla ya kulala mugonjwa, basi nitafute kiwavi yenye kufa na kuota manyoya, niiweke ku muchele ya kupikwa, kuvu itaota tena. "Ile ingine ya kufanya," akasema, "Papa yako alijua yeye mwenyewe." Siku tatu nimekuta vizima tu, vinene, vinatafuna bila haya.

Leo nimepata moja! Imekauka ku jani, iko na manyoya meupe. Lakini yako ilikuwa ya rangi ya majani, ama inaanzaka nyeupe? Nikakimbia nayo mu mukono mupaka ku mulango wa kachumba, nikaita, "Papa, njoo uone!"

Yesu wangu. Nilikaa chini, nikalia.

Nimeiweka ku muchele. Kesho ninaenda Gety, nitabaambia bamama na kinywa yangu: dawa haiko, ni mimi nilichoma. Bakasirike. Kisha nitabaomba tutafute pamoja viwavi vyenye manyoya mu mahindi yao.

Pumuzika, Papa. Ninakuapia, sitatupa tena kitu yako mbele ya kuuliza ni nini, hata kama sijui tena nitamuuliza nani.

Mutoto wako,
Furaha